Kulinganisha makundi yenye varianzi zisizo sawa: mwongozo kwa mtafiti

Mtu yeyote aliyewahi kulinganisha wastani wa makundi mawili kwa kutumia SPSS, programu ya kuchakata takwimu, analijua lile jedwali lenye mistari miwili: wa juu unachukulia kwamba varianzi za makundi, yaani mtawanyiko wa thamani zake, ni sawa, na wa chini hauchukulii hivyo. Wanafunzi wengi wa uzamili ninaowasaidia kuchakata data hunakili mstari wa juu bila hata kuutupia jicho wa chini, nami siwalaumu sana, kwa kuwa nilifanya hivyohivyo kwa miaka kadhaa mpaka mtahini mmoja aliponiuliza mbele ya jopo kwa nini nilichagua mstari ule, nikakosa la kusema. Msimamo wangu wa sasa nautaja mapema ili msomaji asiutafute kwa tochi: isipokuwa una sababu madhubuti ya kufanya vinginevyo, tumia mstari wa chini, na uamue hivyo kabla hujaziona data zako.

Varianzi ni kipimo cha mtawanyiko. Unachukua umbali wa kila thamani kutoka kwenye wastani wa kundi lake, unauinua kwa kipeo cha pili, unajumlisha, kisha unagawanya kwa idadi ya thamani ukiwa umeitoa moja. Kipeuo cha pili cha varianzi ndicho mkengeuko sanifu, ambao una faida ya kusomeka kwa kipimo kilekile cha data, kama ni magunia basi magunia, kama ni dakika basi dakika. Jaribio la t la kawaida, yaani lile la mstari wa juu, lililoanzia kwenye makala ya mwaka 1908 ya William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin aliyeandika kwa jina la Student, na ambalo baadaye liliendelezwa na Ronald Fisher, linazichanganya varianzi za makundi mawili kuwa varianzi moja ya pamoja. Mchanganyo huo una haki ikiwa makundi yote mawili kweli yametoka kwenye mtawanyiko mmoja. Yasipotoka huko, varianzi ya pamoja haiwakilishi kundi lolote kati ya hayo mawili.

Mfano tutakaoutumia

Tuseme mtafiti amepima mavuno ya mahindi, kwa magunia ya kilo 100 kwa ekari, katika mashamba 8 yaliyowekewa mbolea na mashamba 20 yasiyowekewa. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu, na nimezifanya ziwe nyepesi ili msomaji aweze kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Mashamba yenye mbolea: 9, 22, 14, 27, 11, 18, 25, 10.

Mashamba yasiyo na mbolea: 8, 9, 10, 10, 11, 11, 11, 11, 11, 12, 12, 13, 13, 13, 13, 13, 14, 14, 15, 16.

Kundi la kwanza lina wastani wa magunia 17, na jumla ya miraba ya mikengeuko yake ni 348. Ukigawanya kwa 7 unapata varianzi ya 49.71, yaani mkengeuko sanifu wa 7.05. Kundi la pili lina wastani wa 12, jumla ya miraba ni 76, na ukigawanya kwa 19 unapata varianzi ya 4, yaani mkengeuko sanifu wa 2. Varianzi moja ni zaidi ya mara 12 ya nyingine. Hali ya namna hii si ya ajabu shambani, kwa sababu mbolea haizai bila mvua: aliyepata mvua kwa wakati huvuna mara mbili, na ambaye mvua ilimkatikia mahindi yakiwa yanachanua huvuna sawa na jirani yake asiyenunua hata mfuko mmoja.

Chunguza chanzo cha mtawanyiko kabla ya kuchagua jaribio

Hatua ya kwanza ni kuchora data, kila thamani ikiwa nukta moja, makundi yakiwa ubavu kwa ubavu. Kwa makundi madogo kama haya michoro ya nukta inafaa kuliko michoro ya visanduku, kwa kuwa kisanduku kinaweza kuficha kwamba ndani ya kundi moja kuna vikundi viwili. Zitazame zile thamani nane za mbolea: 9, 10, 11 na 14 upande mmoja, kisha 18, 22, 25 na 27 upande mwingine. Mtafiti makini atajiuliza kama mashamba manne ya chini yako kwenye ukanda mkavu, na kama ndivyo, tatizo lake halihusu varianzi peke yake, bali kuna kigezo cha tatu ambacho hakukiingiza kwenye uchanganuzi.

Baada ya hapo kagua vipimo vyenyewe. Gunia la Kenya kwa kawaida huhesabiwa kilo 90 na la Tanzania kilo 100. Mkulima mwingine hujibu kwa debe na karani akaandika kana kwamba ni gunia. Mwingine hufungasha lumbesa, ambayo ni gunia moja kwa hesabu na gunia moja na nusu kwa mzani. Ikiwa kundi moja limepimwa kwa mzani na lingine limeulizwa tu kwa mdomo, utaona varianzi zinatofautiana hata kama mashamba yenyewe hayatofautiani. Hakuna jaribio la kitakwimu litakalokuponya na kosa la aina hiyo. Unarudi kwenye madodoso, unarekebisha panaporekebishika, na unaandika wazi ulichorekebisha.

Ukishajiridhisha kwamba mtawanyiko ni wa kweli, uchukulie kuwa ni habari inayostahili kuripotiwa yenyewe. Mkulima anayefikiria kukopa fedha za mbolea hajali wastani peke yake. Anataka kujua pia uwezekano wa kuvuna magunia 9 huku deni likimsubiri. Nimeona ripoti nyingi zinazozitaja varianzi zisizo sawa kama uchafu uliosafishwa, ilhali hiyo ndiyo sehemu ya matokeo ambayo mkulima angeiuliza kwanza.

Hesabu mbili, majibu mawili

Tuanze na jaribio la kawaida. Varianzi ya pamoja ni jumla ya miraba yote ikigawanywa kwa digrii za uhuru zote (idadi ya thamani za kila kundi ukitoa moja, hapa 7 na 19), yaani (348 + 76) / 26 = 16.31. Kosa sanifu la tofauti ya wastani, yaani kadirio la kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni kipeuo cha pili cha 16.31 × (1/8 + 1/20), ambacho ni 1.69. Tofauti ya wastani ni magunia 5, kwa hiyo t = 5 / 1.69 = 2.96 kwa digrii 26 za uhuru, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kama mbolea isingekuwa na athari, iko chini ya 0.01. Kipindi cha kuaminika cha asilimia 95, yaani upana wa thamani ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo, kinaanzia magunia 1.5 hadi 8.5. Mtafiti anafurahi, anaandika kwamba mbolea imeongeza mavuno.

Sasa tufanye kwa mstari wa chini, ambao ni njia ya Welch, mtakwimu wa Uingereza aliyeichapisha kwa ukamilifu mwaka 1947. Njia hii haichanganyi chochote. Kila kundi linabeba mzigo wake:

kosa sanifu = √(49.71/8 + 4/20) = √(6.214 + 0.2) = √6.414 = 2.53

Kwa hiyo t = 5 / 2.53 = 1.97. Digrii za uhuru nazo hazitolewi tena kwa kujumlisha ukubwa wa sampuli na kutoa mbili. Unachukua ile 6.414, unaiinua kwa kipeo cha pili, kisha unaigawanya kwa jumla ya vipande viwili, kila kipande kikiwa mchango wa kundi ulioinuliwa kwa kipeo cha pili na kugawanywa kwa ukubwa wa kundi ukitoa moja:

digrii za uhuru = 6.414² / (6.214²/7 + 0.2²/19) = 41.14 / 5.518 = 7.46

Jibu linakuja na desimali, nalo si kosa; usilikadirie kuwa namba kamili isipokuwa unatumia jedwali la karatasi, na hapo kadiria kwenda chini. Kwa t ya 1.97 na digrii 7.46, thamani ya p ni takribani 0.09, juu ya kiwango cha kawaida cha 0.05, na kipindi cha kuaminika kinaanzia −0.9 hadi 10.9. Data ni zilezile, tofauti ni ileile ya magunia 5, lakini uthibitisho uliokuwa na kishindo umegeuka kuwa dalili tu.

Zitazame zile digrii 7.46. Kundi la mbolea lina mashamba 8, kwa hiyo likiwa peke yake lingekuwa na digrii 7. Njia ya Welch inakuambia kwamba karibu shaka yote kuhusu tofauti hii inatoka kwenye kundi la mbolea, na kwamba yale mashamba 20 ya upande wa pili yamekusaidia kidogo sana. Jaribio la kawaida, kwa upande wake, liliuazima utulivu wa mashamba 20 na kuwavika mashamba 8 yasiyo na utulivu huo.

Mwelekeo wa hatari

Madhara ya varianzi zisizo sawa yanategemea kundi lipi ni kubwa. Kama kundi dogo ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, kama kwenye mfano wetu, jaribio la kawaida linatangaza tofauti mara nyingi kuliko linavyopaswa. Kama kundi kubwa ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, jaribio hilohilo linakuwa zito kupita kiasi na kuzipuuza tofauti za kweli. Geuza mfano wetu, varianzi ya 49.71 iwe kwenye mashamba 20 na ile ya 4 iwe kwenye mashamba 8, tofauti ikibaki magunia 5: jaribio la kawaida litakupa t ya 1.95, huku la Welch likikupa 2.89. Kosa limehamia upande wa pili.

Makundi yakiwa na ukubwa sawa, kosa sanifu la njia zote mbili ni lilelile hadi desimali ya mwisho, na kinachobaki tofauti ni digrii za uhuru tu. Ndiyo maana watu wa majaribio ya maabara, ambao hupanga makundi yaliyo sawa, hukumbwa na janga hili mara chache kuliko sisi tunaokusanya data vijijini na kupata tulichokipata.

Asiyeamini na ajaribu mwenyewe. Mistari hii miwili ya R, programu ya bure ya takwimu, inatengeneza sampuli 10,000 ambazo wastani wa makundi yote mawili ni 12, yaani hakuna tofauti yoyote ya kweli, isipokuwa mkengeuko sanifu ni 7 kwa kundi la mashamba 8 na 2 kwa kundi la mashamba 20:

p <- replicate(10000, t.test(rnorm(8, 12, 7), rnorm(20, 12, 2), var.equal = TRUE)$p.value)
mean(p < 0.05)

Jaribio la kawaida lilipaswa kukosea mara 5 katika kila 100. Utaliona likikosea karibu mara 20. Badilishana zile 8 na 20 na makosa yatashuka chini ya 1 katika 100. Ondoa maneno var.equal = TRUE, na hesabu itarudi karibu na 5 katika hali zote mbili.

Kwa nini usianze kwa kupima usawa wa varianzi

Utaratibu unaofundishwa katika vyuo vingi ni wa hatua mbili: pima kwanza kama varianzi ni sawa kwa jaribio la Levene, kisha kama p ni kubwa kuliko 0.05 soma mstari wa juu, na kama ni ndogo soma wa chini. Unaonekana wa busara, lakini una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba majaribio ya usawa wa varianzi hayana nguvu, yaani uwezo wa kugundua tofauti iliyopo, pale sampuli zinapokuwa ndogo, na hapo ndipo madhara ni makubwa zaidi. Kwa sampuli kubwa sana nayo hugundua tofauti ndogo isiyo na maana yoyote. Kukosa ushahidi kwamba varianzi zinatofautiana hakukupi ushahidi kwamba ni sawa. Ya pili ni kwamba ukichagua jaribio lako kwa kutazama data zilezile unazotaka kuzipima, kiwango cha makosa cha utaratibu mzima hakiwi tena kile cha 0.05 unachokitangaza.

Mtakwimu George Box alilieleza hili mwaka 1953 kwa mfano ambao mtu wa pwani ataufurahia: alisema, kwa maana, kwamba kuzipima varianzi kwanza ni sawa na kuutuma mtumbwi baharini ukaangalie kama kumetulia kiasi cha meli kubwa kung'oa nanga. Hapo alikuwa akilizungumzia jaribio la Bartlett la mwaka 1937, ambalo huyumba vibaya data zisipofuata mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. Jaribio la Levene la mwaka 1960 ni imara zaidi, na lile la Brown na Forsythe la mwaka 1974, linalotumia mediani (thamani ya katikati) badala ya wastani, ni imara kuliko yote matatu.

Kama swali lako la utafiti linahusu mtawanyiko wenyewe, hapo tumia Brown na Forsythe bila wasiwasi, na ni rahisi kulielewa. Mediani ya mashamba ya mbolea ni 16; umbali wa kila shamba kutoka 16 ni 7, 6, 2, 11, 5, 2, 9 na 6, wastani wake ukiwa magunia 6. Kwa mashamba yasiyo na mbolea mediani ni 12 na wastani wa umbali ni 1.6. Jaribio zima ni kulinganisha hiyo 6 na 1.6 kwa uchanganuzi wa kawaida wa varianzi (ANOVA), na hapa F, kipimo cha tofauti ya makundi dhidi ya mtawanyiko ulio ndani yake, inatoka 31 kwa digrii 1 na 26, jambo lisiloacha shaka. Lakini matokeo hayo yaandike kama jibu la swali, yasiwe geti la kuamua jaribio lipi lifuate.

Gharama ya kutumia Welch wakati varianzi kumbe zilikuwa sawa ni ndogo mno, ni kupoteza nguvu kidogo ambako mara nyingi hutakuona. Gharama ya kutumia jaribio la kawaida wakati varianzi haziko sawa tumeiona. Mizani hiyo haihitaji mjadala mrefu.

Kwenye programu unayoitumia

Katika R, t.test hutumia Welch bila kuambiwa, kwa hiyo t.test(mavuno ~ kundi) inatosha. Katika SPSS soma mstari wa chini na uachane na safu ya Levene iliyo kushoto kwake. Katika Python, ttest_ind ya SciPy huchukulia varianzi ni sawa mpaka uandike equal_var=False, na hapa watu wengi huteleza kwa kuwa hakuna onyo lolote. Katika Excel, fomula ya T.TEST inataka aina 3 mwishoni. Ukitumia badala yake zana ya uchanganuzi wa data, utaona p inatofautiana kidogo, kwa sababu zana hiyo huzigeuza digrii za uhuru kuwa namba kamili. Stata ina mtego wake: chaguo la unequal ndilo linalotoa kile ambacho programu nyingine zinakiita Welch, kikiwa na digrii za uhuru za Satterthwaite, ilhali chaguo linaloitwa welch hutumia kanuni tofauti kidogo ya digrii hizo. Majibu yako yakipishana na ya mwenzako kwenye desimali ya pili, anza kutafuta hapo.

Makundi yakizidi mawili

Kwa makundi matatu au zaidi, Welch alitoa mwaka 1951 njia inayochukua nafasi ya uchanganuzi wa kawaida wa varianzi. Katika R ni oneway.test, nayo pia haichukulii usawa mpaka uiambie. Katika SPSS chaguo la Welch liko kwenye kitufe cha mipangilio ya uchanganuzi wa njia moja. Ukishapata tofauti ya jumla na unataka kujua ni makundi yapi yanatofautiana, usirudi kwa njia ya kawaida ya Tukey ya kulinganisha jozi za makundi, kwa sababu hiyo inachanganya varianzi za makundi yote upya na kukurudisha ulikotoka. Tumia Games na Howell, njia ya mwaka 1976, ambayo hufanya kwa kila jozi kile alichofanya Welch.

Ukiwa na vigezo vingine vya kudhibiti, kama mvua, ukubwa wa shamba au umri wa mkulima, utahamia kwenye regresheni, yaani mlinganyo unaokadiria athari za vigezo vyote kwa pamoja, na huko tiba ni makosa sanifu imara, yasiyotegemea usawa wa varianzi. Msingi wake uliwekwa na Halbert White mwaka 1980, na kwa sampuli za mamia machache au pungufu toleo linaloitwa HC3 ndilo linalopendekezwa zaidi. Ukiwa na kigezo kimoja tu cha kundi, jibu utakalopata kwa HC3 litakaribiana sana na la Welch.

Vichochoro viwili ambavyo havifiki mbali

Cha kwanza ni kugeuza data kuwa logi. Kinafaa sana pale mkengeuko sanifu unapokua sambamba na wastani, kama kwenye mapato, bei, au idadi ya bakteria. Kwa mfano wetu hakitoshi: baada ya logi asilia, mkengeuko sanifu wa kundi la mbolea ni 0.43 na wa kundi la pili ni 0.17, yaani uwiano umeshuka kutoka mara tatu na nusu hadi mara mbili na nusu, bado uko mbali na usawa. Zaidi ya hapo, swali limebadilika. Ukitumia logi hulinganishi tena wastani wa magunia, bali wastani wa kijiometri, na matokeo yako yanasomeka kama uwiano. Kama mwenye swali anataka kujua magunia mangapi zaidi, umemjibu jingine.

Cha pili ni kukimbilia jaribio la Mann na Whitney kwa imani kwamba jaribio lisilo la kiparametri, yaani lisilodai umbo maalumu la mgawanyo, halijali chochote. Linajali. Jaribio hilo hupima kama thamani ya kundi moja ina mwelekeo wa kuizidi ya kundi lingine, na linaweza kusomwa kama ulinganisho wa mediani pale tu migawanyo miwili ina umbo na mtawanyiko mmoja. Mtawanyiko ukitofautiana, hata kiwango chake cha makosa kinaweza kupotoka, hasa kwa makundi yasiyolingana ukubwa. Ikiwa kweli unachotaka kujua ni uwezekano wa shamba moja kulizidi lingine, tumia jaribio la Brunner na Munzel la mwaka 2000, lililotengenezwa kwa hali hiyo. Ikiwa kinachokusumbua ni thamani chache zilizochupa mbali, Yuen alitoa mwaka 1974 toleo la Welch linalopunguza ncha za data kabla ya kulinganisha. Niseme pia kwamba makundi yenye thamani tatu au nne hayaokolewi na njia yoyote kati ya hizi, kwa kuwa varianzi yenyewe haiwezi kukadiriwa vizuri kwa thamani chache kiasi hicho.

Kuripoti

Toa kwa kila kundi idadi, wastani na mkengeuko sanifu, kisha tofauti, kipindi cha kuaminika, t, digrii za uhuru zikiwa na desimali zake, na p. Sentensi ya mfano ni hii: "Mashamba yenye mbolea (n = 8, wastani 17.0, mkengeuko sanifu 7.05) yalizidi yasiyo na mbolea (n = 20, wastani 12.0, mkengeuko sanifu 2.00) kwa magunia 5.0 kwa ekari, kipindi cha kuaminika cha asilimia 95 kikiwa −0.9 hadi 10.9, jaribio la Welch, t(7.46) = 1.97, p = 0.09." Msomaji akiziona desimali kwenye digrii za uhuru atajua mara moja umetumia njia ipi.

Ukubwa wa athari, yaani tofauti ikielezwa kwa idadi ya mikengeuko sanifu, unataka uangalifu zaidi, na majarida mengi huudai. Kipimo cha Cohen hugawanya tofauti kwa mkengeuko sanifu, lakini upi? Ukitumia wa pamoja unapata 5 / 4.04 = 1.24. Ukitumia kipeuo cha pili cha wastani wa varianzi mbili unapata 5 / 5.18 = 0.97. Ukimfuata Glass na kutumia mkengeuko wa kundi la udhibiti (hapa yasiyo na mbolea) peke yake unapata 5 / 2 = 2.5. Namba tatu, zote zimetoka kwenye data zilezile, na ya mwisho ni zaidi ya maradufu ya zile mbili. Mimi huandika magunia kwanza, kwa sababu gunia halibadiliki kwa kubadilisha kigawanyo, kisha jarida likisisitiza naongeza kipimo kimoja na kutaja waziwazi kimegawanywa kwa nini.

Kupanga msimu ujao

Varianzi ulizozipata leo zina kazi kesho. Kama unajua kundi moja linatawanyika kuliko lingine, na gharama ya kupima shamba ni ileile, gawanya sampuli kwa uwiano wa mikengeuko sanifu, kanuni inayohusishwa na Jerzy Neyman. Kwa mfano wetu uwiano ni 7.05 kwa 2, kwa hiyo mashamba 28 yaleyale yangegawanywa kuwa 22 ya mbolea na 6 yasiyo na mbolea, na kosa sanifu lingekuwa √(49.71/22 + 4/6) = 1.71 badala ya 2.53, bila kuongeza hata shamba moja wala nauli ya karani. Mashamba 6 ni machache kwa kukadiria varianzi, kwa hiyo binafsi ningeyapandisha hadi 8 na kubaki na 20 ya mbolea, ambapo kosa sanifu linakuwa 1.73, tofauti isiyostahili kugombewa.